Masega

Baba yangu alipanda miti ya Itigi na moshi mkononi,
akaijua asali kwa pua kabla ya kuipima kwa debe.
Mimi nanunua masega yasiyo na nyuki,
yatokayo tumboni mwa ekzosi,
hapa Kizota, nyuma ya mashine ya kukamulia alizeti,
ambapo upepo wa Agosti haupigi hodi.

Watu huja na bei walizozisikia.
"Ndani mna dhahabu." Hamna.
Mna platinamu, mna paladiamu, mna rodiamu,
zimepakwa juu ya kauri
nyembamba kuliko mafuta kikaangoni mwa mchoyo.
Huzioni. Ukiziona umelewa.

Basi nafanya hivi.
Nalifuta kopo masizi, natafuta namba iliyochongwa.
Namba ndiyo ukoo wake. Lisilo na namba huwa la bandia,
lililofungwa juzi baada ya lile la kwanza kuuzwa,
nalo halilipi hata soda.
La lori la dizeli ni kubwa kama mtungi, bei yake ya kikombe;
la kigari kinachokwenda kwa petroli na betri laenea kiganjani,
na hilo huondoka na kodi yangu ya miezi miwili.
Nalitikisa. Likilia kama njuga, sega limevunjika,
na kila punje iliyodondoka toka Manyoni hadi hapa ilikuwa pesa.
Namulika tochi: limelowa oili, limeungua, limeyeyuka. Napunguza.
Kisha nampigia Mbijima aliye Dar,
naye ampigie mtu ambaye hanitajii jina,
na mtu huyo, huko aliko, anatazama ubao
unaopanda na kushuka wakati sisi tunakoroga chai.
Jana ulishuka.
Leo asubuhi nilinunua kwa bei ya jana, nikauza maneno.

Nyendo alikuja Jumanne, saa nne, na kiroba begani.
Gari la marehemu kaka yake, Noah,
limelala uani Nkuhungu tangu masika ya mwaka juzi,
kuku wanatagia kiti cha nyuma.
Pesa alikwisha kuigawa kabla ya kufika.
Aliigawa tena mbele yangu, kwa vidole:
ada ya kidato cha tatu, bati saba, deni la dukani,
sare za mdogo,
na gumba, akalitazama kidogo, likawa la kwake mwenyewe.

Nililipokea kopo, na mkono ukajua kabla yangu.
Jepesi.
Namba ipo, safi, ya ukoo bora.
Ubavuni, mshono wa kuchomelea, mpya kuliko kutu.
Tochi ikaingia upande huu, ikatokea upande wa pili,
ikamulika lile gumba.

Mzinga uliorinwa na asiyeutundika,
baba angesema, akateme mate.

"Nani aliligusa gari?" nikauliza,
ingawa ule mshono naufahamu.
Chilongani huchomelea kwa mkono wa kushoto,
matone yake hulala upande mmoja kama ulezi uliopigwa na upepo.
Mwezi uliopita aliniletea unga wa sega,
gramu mia tisa, ndani ya kopo la maziwa ya mtoto.
Sikuuliza. Unga hauna namba.
Niliumimina na mwingine katika ndoo ya bluu yenye kifuniko,
ile ambayo Nyendo, kwa kuchoka na jua,
alikuwa ameikalia.

Nikapima ganda. Chuma cha pua, kilo tatu kasoro robo.
Nikamtajia elfu nne na mia moja,
nikasikia sauti yangu ikiongeza mia tisa.
Hakubishana.
"Basi hiyo ni ya gumba," akasema,
akazikunja noti zikawa ndogo kabisa,
akasimama, akajipangusa,
akanishukuru kwa kiti.

Saa kumi Mbijima alipiga.
Ubao umepanda, alisema. Umepanda vibaya sana.
Lete ndoo.